Kazi Mbele ya Mashahidi: Mitandao ya Kijamii katika Utumishi wa Afisa Ugani

Thamani ya kitaaluma ya mitandao ya kijamii, yaani faida anayoipata mtu katika ujuzi wake, katika sifa ya kazi yake na katika uwezo wake wa kuwahudumia wengine, haiji mapema, na kwa mtumishi wa umma wa kijijini huweza kupita miaka kadhaa kabla haijaanza kuonekana. Makala haya yanaichunguza thamani hiyo kwa kutumia kumbukumbu za afisa ugani mmoja, ambaye ndiye mwandishi, aliyefanya kazi kati ya wakulima wa nyanya wa Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, hasa pande za Ilula, ambako familia nyingi huishi kwa zao hilo na matenga hupakiwa kando ya barabara kuu kuelekea Dar es Salaam. Afisa ugani, ambaye wakulima wengi bado humwita bwana shamba au bibi shamba, ni mtaalamu anayeajiriwa kuufikisha ujuzi wa watafiti shambani na kuyarudisha matatizo ya shambani kwa watafiti. Kwa hiyo kazi yake ni ya mawasiliano kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na ingetarajiwa kwamba chombo kipya cha mawasiliano kingemfaa tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo.

Mazingira ya kiufundi yenyewe yalibadilika kwa kasi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na nchi ambazo kabla ya hapo zilitegemea zaidi setilaiti zikaanza kupata intaneti yenye kasi kubwa zaidi. Facebook ulikuwa umefunguliwa kwa watu wote tangu mwaka 2006, WhatsApp ukaanzishwa mwaka 2009 na kuongezewa ujumbe wa sauti mwaka 2013, na simu janja za bei nafuu zikaanza kuonekana mikononi mwa vijana wa vijijini kabla ya kuwafikia wazee wao, ambao waliendelea na simu ndogo za kitochi. Hapa neno mtandao wa kijamii linatumika kwa maana pana, likihusisha kurasa za wazi kama za Facebook, ambazo yeyote huweza kuzisoma, pamoja na makundi ya WhatsApp, ambayo huingiwa kwa kukaribishwa na ambayo kwa wakulima wengi ndiyo mtandao halisi.

Katika miaka ya mwanzo afisa huyo aliutumia ukurasa wa Facebook kwa namna ileile ofisi ya kata ilivyoutumia ubao wake wa matangazo. Iliandikwa humo tarehe ya kuwasili kwa mbolea ya ruzuku, ukumbusho wa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, na maelezo ya nafasi kati ya mche na mche. Waliobonyeza alama ya kupenda walikuwa zaidi wale waliosoma naye, ambao walikwisha kuyajua yaliyoandikwa, huku mkulima aliyehitaji kuyajua akiwa hana bando, au analo lakini haoni sababu ya kulimalizia kwenye tangazo. Ujumbe wa upande mmoja huzaa wafuasi bila kuzaa ujuzi, kwa kuwa anayeutoa hajifunzi chochote kutokana na kuutoa. Na mwaka baada ya mwaka ukurasa ule haukuongeza kitu katika kazi yenyewe.

Kilichobadilisha hali hiyo ni mdudu. Mwaka 2014 nondo wa nyanya ajulikanaye kitaalamu kama Tuta absoluta, mwenye asili ya Amerika ya Kusini na aliyeingia Hispania mwaka 2006 kabla ya kuvuka kuja Afrika, aligunduliwa kaskazini mwa Tanzania, na wakulima wakampa jina la kantangaze. Jike moja huweza kutaga hadi mayai 260, na kizazi kizima, tangu yai hadi nondo kamili, huchukua takribani mwezi mmoja kutegemea joto, kiasi kwamba katika msimu mmoja wa nyanya vizazi kadhaa hupandana. Kiwavi wake hula nyama ya jani kutoka ndani, akiacha ngozi ya juu na ya chini bila kuitoboa, kisha huhamia kwenye tunda. Na shamba lisilodhibitiwa huweza kupotea lote. Kwa kuwa huishi ndani ya jani, dawa nyingi za kupulizia hazimfikii, na kwa kuwa alikwisha kupuliziwa dawa za kila aina huko alikotoka, baadhi ya zinazomfikia hazimuui.

Wakulima walianza kutuma picha. Hawakuzituma kwenye ukurasa, bali kwa WhatsApp, moja kwa moja kwa afisa, wakati mwingine usiku, zikiwa na swali fupi au bila swali lolote. Kuzijibu moja moja kulimlemea mtu mmoja aliyekuwa na vijiji kadhaa chini yake, hali iliyo ya kawaida katika nchi yenye vijiji zaidi ya 12,000 na ambayo kwa miaka mingi imekuwa na maafisa ugani pungufu kuliko vijiji hivyo. Ndipo likaundwa kundi, na majibu yakaanza kutolewa mbele ya wote.

Picha ya jani lililoshambuliwa si ushahidi kamili, na kuifanya iwe ushahidi ni ufundi unaofundishika. Programu ya WhatsApp huibana picha ili itumwe kwa bando dogo, na katika kubanwa huko hupotea mambo madogo ambayo utambuzi huyategemea. Hivyo wanakundi walielekezwa kuituma picha kama faili, ambalo hufika likiwa na ubora wake wote. Walielekezwa pia kuliinua jani juani na kulipiga picha kutoka upande wa chini, maana mwanga ukipita ndani ya baka la kantangaze kiwavi mwenyewe huonekana, pamoja na kinyesi chake cheusi kilichorundikana, ilhali inzi wanaochora majani huacha mstari mwembamba uliopindapinda. Tofauti hiyo si ya kitabuni tu, kwani mkulima anayepiga dawa kali kwa ajili ya inzi wale mara nyingi huua nyigu wadogo wanaowadhibiti na kuliacha tatizo likiwa kubwa zaidi. Sarafu ya shilingi 200 iliwekwa kando ya jani ili ukubwa uonekane. Baada ya msimu mmoja au miwili ubora wa picha zilizotumwa ulipanda, na walioupandisha walikuwa wakulima wenyewe, ambao walimrudisha shambani mwenzao aliyetuma picha yenye ukungu hata kabla afisa hajafungua simu.

Kuna maswali ambayo picha haiyatoshelezi kabisa. Kijana mmoja alituma sauti akisema, "Bwana shamba, shikamoo. Nyanya zangu zinanyauka mchana, jioni zinaamka. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili na hali ni ileile." Maelezo hayo yangeweza kuwa ya ukosefu wa maji, ya mnyauko unaosababishwa na fangasi, au ya mnyauko bakteria, na tiba ya kila kimoja ni tofauti. Alijibiwa kwa sauti, kundi zima likisikia, aung'oe mche mmoja, akate kipande cha shina karibu na ardhi, akitundike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, kisha airekodi glasi hiyo kwa video. Baada ya dakika chache uzi mweupe wa ute ulishuka kutoka penye mkato ukielekea chini ya glasi. Huo ni usaha wa bakteria, na fangasi hawautoi. Na kwa bakteria wale hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mche, ila kuing'oa iliyougua, kuzuia maji yasitiririke kutoka jaruba moja kwenda jingine, na kulipumzisha shamba lisipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, likipewa mahindi badala yake. Kijana yule alikuwa amekwisha kutumia fedha kwa dawa isiyohusika. Wengine waliokuwa wakisikiliza kimya hawakuzitumia zao, na msimu uliofuata video za glasi zilitumwa na watu ambao hawakuwahi kuandika neno kundini.

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya inapojitokeza. Kwa muda mrefu kazi ya ugani ilifanyika bila mashahidi: mtaalamu alikwenda shambani, akamshauri mkulima mmoja, akaondoka, na ubora wa ushauri ule, uwe mzuri au mbaya, ukabaki kati ya watu wawili. Ripoti iliyopanda wilayani ilihesabu wakulima waliotembelewa bila kupima usahihi wa walichoambiwa. Kundi la WhatsApp liliiweka kazi hiyo mbele ya wakulima wengine, mbele ya maafisa wa kata jirani, na baadaye mbele ya watafiti walioalikwa, ambao wote waliweza kuusikia ushauri, kuuhoji, na muhimu zaidi, kuyaona matokeo yake wiki tatu baadaye mkulima aliporudi na picha nyingine. Kujibu mbele ya mashahidi humfanya mtaalamu asome kabla ya kujibu. Humpa pia jambo ambalo cheti hakiwezi kumpa, nalo ni mlolongo wa maamuzi yaliyoandikwa, yenye tarehe, ambao mtu mwingine anaweza kuupima. Thamani ya kitaaluma iliyopatikana katika mitandao, kwa ushahidi wa kumbukumbu hizi, ilitokana na ushuhuda huo kuliko ilivyotokana na idadi ya watu waliofikiwa.

Jambo la pili, linalohusiana na hilo, ni nafasi ya watu wasiofahamiana sana. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 makala iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu, akimaanisha mahusiano ya watu wanaokutana kwa nadra. Alipowahoji watu wa taaluma mbalimbali wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni asilimia 16.7 tu waliosema kwamba walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, wakati asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu aliyoitoa ni kwamba marafiki wa karibu hujua yaleyale tunayoyajua, ilhali mtu wa mbali hutoka katika mduara mwingine wenye habari nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika katika mtandao wa LinkedIn kwa miaka mitano, ukihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20, ambao uliithibitisha hoja hiyo kwa marekebisho: mahusiano yaliyosaidia zaidi katika kuhama kazi ni yaliyo dhaifu kwa kiasi, si yaliyo dhaifu kabisa.

Tafiti hizo zilihusu ajira, lakini zinaeleza vizuri kilichotokea Kilolo. Maafisa waliofanya kazi na mwandishi katika wilaya hiyohiyo hawakuwa na jibu juu ya kantangaze, kwa kuwa wote walikuwa wakimwona kwa mara ya kwanza. Jibu lilitoka kwa mtu ambaye afisa huyo alikutana naye mara moja tu kwenye maonyesho, wakabadilishana namba kwa adabu ya kawaida ya maonyesho, na ambaye alikuwa akifanya kazi na wakulima wa Loitokitok nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka, ambako nondo huyo alikuwa amewatangulia. Yeye ndiye aliyetuma picha za mitego ya harufu, yaani mabeseni ya maji yenye sabuni yaliyotundikiwa kidonge chenye harufu ya jike ili madume yaingie na kuzama, pamoja na onyo kwamba mitego hiyo huonyesha wingi wa mdudu lakini peke yake haimmalizi. Hakuna mkutano wa kikazi ambao ungewakutanisha watu hao wawili katika wiki ile ambayo maelezo hayo yalihitajika.

Ilipofika mwaka 2017, na viwavijeshi vamizi waliothibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016 wakafika katika mahindi ya Kenya na Tanzania, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Picha ya kichwa cha kiwavi chenye alama ya Y iliyopinduliwa, na ya madoa manne yaliyopangika kama pembe za mraba karibu na mkia, ilikuwa kundini mapema, ikiwa na maelezo ya namna ya kumtofautisha na funza wa mabua. Miaka mitatu ya mazungumzo juu ya nyanya, ambayo mwangalizi wa nje angeweza kuiona kuwa soga, ililipa katika zao jingine kabisa.

Mafanikio hayo yaliwavuta pia wauza dawa. Kundi lenye wakulima wengi ni soko, na ukomo wa wanakundi, ambao WhatsApp uliupandisha hadi 256 mwaka 2016 na hadi 1,024 mwaka 2022, ulilifanya soko hilo likue. Muuzaji huja na jibu kabla ya utambuzi. Kwake kila jani lenye baka linahitaji chupa aliyonayo dukani. Utaratibu uliosaidia ulikuwa kutotaja jina la biashara la dawa yoyote, bali kiambato amilifu, yaani ile kemikali ndani ya chupa inayofanya kazi, pamoja na namba ya kundi lake. Wataalamu wa usugu wa wadudu wameyapanga makundi hayo kufuatana na jinsi kemikali inavyomdhuru mdudu: abamektini ipo kundi la 6, klorantraniliproli kundi la 28, na kadhalika. Mkulima anayebadilisha chupa tatu zenye majina tofauti na namba moja hajabadilisha chochote, na wadudu wake huzidi kuwa sugu. Wanakundi walipozoea kuigeuza chupa na kuisoma lebo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, baadhi ya wauzaji walijitoa na wengine wakawa wachangiaji wazuri, maana muuzaji mwenye diploma ya kilimo ni mtaalamu pia na anapaswa kuheshimiwa hivyo.

Watumishi wengine wa umma wamelifikia jambo hilihili kwa njia zao. Nchini Kenya, Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja katika Kaunti ya Nakuru, alijulikana kimataifa mwaka 2012 kwa kuutumia mtandao wa Twitter kutangaza wizi, kondoo waliopotea na habari za mikutano, na wananchi wasio na simu janja wakiupata ujumbe huo kwa meseji. Kilichompa nguvu ni kwamba wakazi waliyaona matokeo: walioitwa walitoka, na kilichopotea kilitafutwa hadharani. Mfano huo unaweza kusomeka kama sifa ya teknolojia, lakini ni haki zaidi kuusoma kama sifa ya mtumishi aliyekubali kufanya kazi yake mahali anapoonekana.

Serikali ya Tanzania ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, thamani nyingine ya kundi ilidhihirika. Usafiri haukuwa tena kikwazo kikubwa kama awali, lakini mafuta yalibaki kuwa kidogo, na ikawa lazima kuchagua shamba la kuliendea. Picha na sauti zilizotumwa asubuhi zilionyesha ni wapi tatizo linafahamika na linaweza kushughulikiwa kwa maelekezo, na ni wapi kuna dalili ambazo hazijawahi kuonekana na zinazohitaji jicho, pua na mkono wa mtu. Mtandao haukuchukua nafasi ya kwenda shambani. Uliipa safari sababu.

Udhaifu wa chombo chenyewe haupaswi kufichwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita, kutokana na hitilafu ambayo kampuni ilieleza kuwa ni ya mipangilio ya mitambo yake yenyewe, na kila aliyehifadhi kazi yake humo pekee aliiona ikiwa nje ya uwezo wake. Mwanakundi aliyepoteza simu alipoteza maelekezo ya misimu yote. Kwa sababu hiyo majibu yaliyohakikishwa yaliandikwa upya katika daftari, yakipangwa kwa zao na kwa mwezi, na nakala yake ikawekwa ofisi ya kata. Sheria nayo imesogea: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze na kuzitumia kwa kusudi lililoelezwa, na namba ya simu ya mkulima pamoja na picha ya shamba lake, inayoonyesha kwamba mwaka huu hatavuna, ni taarifa ambazo dalali anaweza kuzitumia kumshusha bei. Ilikubaliwa kundini kwamba picha haivushwi kwenda kundi jingine bila idhini ya mwenye shamba, na kwamba sura za watoto hazipigwi kabisa.

Daftari hilo ndilo lililoleta kile ambacho kwa kawaida huitwa maendeleo ya kitaaluma. Kurasa zake zilisomwa na watafiti waliokuwa wakitafuta tarehe za kuonekana kwa wadudu katika nyanda za juu kusini, zikatumika katika mafunzo ya maafisa wapya, na mwandishi wake akaanza kuitwa kufundisha katika wilaya ambako hakuwahi kukanyaga. Hakuna lolote kati ya hayo lililotokana na ukurasa wa matangazo wa miaka ya mwanzo, ingawa ukurasa ule ndio uliokuwa na wafuasi wengi zaidi.

Afisa huyo alipohamishiwa wilaya nyingine, kundi halikuhama naye. Namba ya msimamizi ilikabidhiwa kwa afisa aliyefuata pamoja na daftari, na wakulima wawili wa muda mrefu, mmoja mama anayelima nyanya za umwagiliaji na mwingine fundi wa mitego ya harufu, wakafanywa wasimamizi wenza. Maswali mengi sasa hujibiwa na hao wawili siku hiyohiyo, kwa picha zilizopigwa juani na sarafu kando yake, na afisa huitwa pale tu wanapotofautiana juu ya wanachokiona ndani ya jani.